Dawa za Nguvu za Baba

Jumamosi, mwishoni mwa Julai. Mkonze, Dodoma.

Upepo. Tangu alfajiri unapiga mabati na kumwaga vumbi jekundu kwenye nguo nilizoanika, na jua lipo lakini ni la mapambo tu, halina joto. Hiki ndicho kipindi ambacho Dodoma inakausha midomo ya watu pamoja na subira zao. Yangu imekauka tangu jana.

Nimekasirika. Naandika nikiwa nimekasirika na sidhani kama nikimaliza nitakuwa nimepoa, kwa hiyo anayetafuta faraja leo aende blogu nyingine.

Nimemkasirikia Baba. Nimemkasirikia jirani. Nimewakasirikia hata kuku. Kuna mtu mmoja zaidi kwenye orodha hii, nitamtaja baadaye, maana ndiye anayenikera kuliko wote.

Kwa wageni: nyumbani tuko wawili siku hizi, mimi na Baba. Binti yangu Neema yuko shule ya bweni. Baba ana miaka sabini na tisa, ni Msandawe wa Chemba, mkulima wa uwele na mfugaji wa mbuzi, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtunza pampu ya maji ya kijiji. Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Kazi yangu ni mafaili. Faili likipotea, ninaitwa mimi.

Mara tu baada ya mwaka mpya Baba alianza kupata homa za jioni na maumivu ya mgongo. Zahanati wakasema malaria. Halafu wakasema taifodi. Halafu wakasema U.T.I., maana siku hizi ukiingia zahanati na mgongo unaouma hutoki bila kupewa U.T.I. Alikonda mpaka mkanda wake ukaongezwa matundu mawili kwa msumari. Machi nikachoka kusikiliza kwa simu, nikamfuata Chemba, nikamleta mjini. Kwenye hospitali kubwa wakamwingiza kwenye mashine ya CT, na siku hiyohiyo hawakumruhusu kurudi nyumbani.

Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni ukashuka hadi tumboni, ulikuwa umetuna upande mmoja kama tairi ya baiskeli iliyochoka. Wala haukuwa uzee peke yake. Ndani ya ukuta wa mshipa kulikuwa na bakteria, wale wa ugonjwa wa kutupa mimba, ugonjwa unaowafanya mbuzi na ng'ombe watoe vitoto kabla ya wakati. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kuzalisha mifugo bila kinga mikononi. Baba amefanya yote mawili tangu akiwa na meno ya utoto. Alipoambiwa jina la ugonjwa (hilo tuliruhusu aambiwe) alicheka hadi akakohoa, akasema kumbe uzeeni amegeuka mbuzi jike.

Daktari bingwa wa mishipa alituita ofisini mimi na Baba mdogo Elia, mdogo wake Baba. Ni mwanamama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alichora kwenye karatasi. Akasema njia safi ya kutibu ugonjwa huu ni kupasua tumbo, kukata kipande cha mshipa kilichooza, na kuweka kipya. Lakini moyo wa Baba ni dhaifu, na mzee wa umri ule akilazwa juu ya meza ile huenda asiamke.

Kwa hiyo akatupa njia nyingine. Hawapasui. Wanatoboa tundu dogo kwenye kinena, kushoto na kulia, wanapitisha ndani ya mshipa bomba jembamba la kitambaa lenye waya, limekunjwa kama mwavuli, na wakiliona kwenye skrini kwamba limefika palipotuna, wanalikunjua. Damu inapita ndani ya bomba jipya, ukuta uliooza unabaki nje bila kusukumwa.

Unabaki. Hilo alilirudia mara mbili. Uchafu haujatolewa, umezungukwa tu. Kinachozuia wadudu wasiamke ni dawa: kwanza sindano za wiki kadhaa, baadaye vidonge kila siku, pengine kwa maisha yote yaliyobaki. Dawa zikilegea, wadudu watarudi, watakula ukuta wa mshipa na bomba lenyewe litaoza. Mshipa ukipasuka, hakuna anayewahi hospitali. Na operesheni ya pili kwa mzee huyu haipo.

Tulielewa. Mimi na Baba mdogo, tulielewa vizuri kabisa.

Operesheni ikafanyika Aprili na ikaenda salama. Hapo ndipo karaha za ndugu zilipoanza.

Chemba nzima ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya operesheni kubwa. Shangazi alikuwa amewaambia kanisani kwamba kaka yake atapasuliwa kuanzia kifuani hadi kitovuni, wakafunga siku tatu. Watu wanne walikuja kutoa damu. Sasa wamefika wodini, wanamkuta mtu amekaa kitandani anakunywa uji, ana plasta mbili kinenani. Mbili. Ndogo kama za watoto wa chekechea.

Baba mdogo Elia, aliyechorewa picha yote na daktari, aliinua shuka, akatazama tumbo, akalishusha. Akaniuliza kovu liko wapi. Nikamwambia halipo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwapo wakati wanampasua, au niliambiwa tu.

"Ugonjwa uko tumboni, wao wamemchoma mapajani," alisema. "Hapa tumechezewa."

Kwa wiki mbili nilikuwa msemaji rasmi wa matundu mawili. Nilieleza kwa simu, nilieleza kwenye korido, nilieleza kwa Kiswahili, na kwa wazee nilieleza kwa lugha yetu ya kugonga ulimi, ambayo haina neno la bomba la kitambaa na nilijikuta nikisema kitu kinachokaribiana na utumbo wa kununuliwa. Kuna mzee mmoja hadi leo anaamini Baba amewekewa utumbo wa ng'ombe.

Basi. Sindano zikaisha, tukaruhusiwa mwishoni mwa Mei, nikamleta Baba hapa Mkonze ili awe karibu na kliniki. Akapewa vidonge aina mbili. Chekundu, kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Cha kijani, asubuhi na jioni. Vyote viko kwenye kopo moja kubwa la plastiki juu ya kabati la vyombo.

Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi Mtumba, Baba bado amelala. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilichukua kalenda ya parokia, nikagawa kila siku kwa mstari katikati, juu asubuhi, chini jioni, nikafunga kalamu kwa uzi kwenye msumari. Nikamwambia Baba kwamba dawa ikitoka kwenye kopo, aweke tiki. Ya jioni nilikuwa ninampa mwenyewe, na Jumapili ninampa hata za asubuhi; Jumamosi huwa nafua tangu alfajiri, namwachia kalenda.

Hakukosa hata siku moja. Tiki zake ni nzuri, zimesimama, ana mwandiko wa mtu aliyejaza daftari la pampu miaka yote ile. Niliipiga picha ile kalenda nikaituma kwenye kundi la familia. Nilijiona mjanja sana.

Jana ilikuwa kliniki.

Tulifika saa moja asubuhi. Tuliitwa saa saba mchana, maana mtandao ulikuwa chini, ukapanda, ukashuka tena. Utaratibu wetu ni uleule tangu Machi: Baba anaingia, anapimwa presha, anabonyezwa tumbo, anaulizwa anaendeleaje, anasema hajambo, anatolewa nje kwenye benchi. Halafu mlango unafungwa na mimi ndiye ninayezungumza na daktari.

Daktari alikuwa na majibu ya damu mezani. Kuna kipimo kimoja kinachoonyesha kama mwilini kuna vita. Mwezi wa sita kilikuwa kimeshuka hadi daktari akatabasamu, na yule mama si wa kutabasamu ovyo. Jana kilikuwa kimepanda.

Akaniuliza kama mgonjwa anameza dawa zake.

Nikafungua mkoba, nikatoa kalenda. Ndiyo, nilikwenda nayo, nimeikunja kama cheti cha kuhitimu. Nikaitandaza mezani pake. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, hii kazi ni nzuri," alisema. "Lakini damu haisomi kalenda."

Akaandika CT nyingine, Jumatatu asubuhi, kutazama kama kuna kitu kimejikusanya pembeni ya bomba. Akasema nisiogope kabla ya wakati. Nilitoka nimefura. Njia nzima nilikuwa namlaumu daktari kichwani: labda dawa zao ni feki, labda maabara imechanganya chupa, labda hajui kusoma tiki. Baba aliniuliza mara moja tu daktari amesema nini. Nikamwambia amesema unaendelea vizuri.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa naanua nguo zilizojaa vumbi ili nizifue upya. Mama Ndahani akaingia kwa mlango wa uani. Ni jirani yetu, mjane wa Kigogo, umri wake unakaribia sabini, goti lake la kulia ni bovu. Tangu Baba ahamie hapa wamekuwa wakiota jua pamoja asubuhi, yeye anamletea uji wa uwele, Baba anamsimulia habari za pampu. Sikuona ubaya. Nilifurahi kwamba mzee hayuko peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama Neema, nina neno la aibu."

Akanivuta hadi nyuma ya tangi la maji. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaniambia kwamba wiki ya tatu sasa mkojo wake umekuwa kama soda ya machungwa. Haumuumi. Ila rangi ile si ya Mungu, na kuna mke mwenza, mke mwingine wa marehemu mumewe, ambaye hawajawahi kuelewana, na yeye ameanza kufikiri mambo.

Mimi nililikunja shati la Baba pamoja na vumbi lake, nikalikunjua, nikalikunja tena. Maana rangi ile naijua. Siku ya kuruhusiwa nesi alituambia tusishtuke, kidonge chekundu hugeuza mkojo kuwa wa machungwa, kwa mtu yeyote anayekimeza.

Nikamuuliza kama kuna dawa anakunywa.

"Ni hizi tu za nguvu anazonigawia Mzee," alisema, akiwa amefurahi kabisa. "Na goti limepoa, sikufichi."

Nilimkuta Baba ukutani nyuma ya jiko, pale upepo haufiki, anashona katambuga zake, vile viatu vya tairi. Nilijaribu kuuliza kwa adabu. Sijui kama nilifaulu.

"Baba, zile dawa nyekundu unampa Mama Ndahani?"

"Nampa."

"Na za kijani za asubuhi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nikageuka. Kuku wangu tisa walikuwa wamezunguka sufuria lao la maji, wanene, macho makavu, mmoja ananitazama kwa dharau. Mwanzoni mwa mwezi walikuwa na mafua, wanakoroma usiku kucha, nikawawekea maji ya mwarobaini wakapona. Nilikuwa nimewasimulia wenzangu wote ofisini juu ya mwarobaini. Nilikuwa nimeshawaelekeza watu watatu vipimo.

Na mayai tumekula.

Nilimuuliza kwa nini. Sauti yangu ilikuwa imepanda, nakiri, na Mama Ndahani alikuwa anasikiliza nyuma yangu. Baba hakupandisha yake. Aliweka sindano chini na kunijibu kama anayeeleza jambo lililo wazi.

"Si mlisema wenyewe nimepona? Mkasema hizi ni dawa za nguvu. Nguvu ninazo. Nimeze nguvu juu ya nguvu na jirani anaburuta mguu? Huo ni ulafi, mwanangu."

"Na tiki, Baba?"

"Uliniambia dawa ikitoka kwenye kopo niweke. Ilitoka."

Nilirudi ndani, nikakaa kitandani, nikaangalia ukuta.

Sasa nimtaje yule wa mwisho kwenye orodha.

Aprili, siku mbili baada ya operesheni, daktari alitaka kuingia wodini amweleze Baba kila kitu, kwamba uchafu umebaki na vidonge ni vya maisha. Baba mdogo Elia alimzuia mlangoni. Kwetu, na nadhani kwa wengi wenu mnaosoma, mgonjwa haambiwi. Ndugu ndio wanaoambiwa. Mgonjwa anaambiwa pole, anaambiwa Mungu ni mwema, anaambiwa unaendelea vizuri. Mzee ukimwambia kuna kitu kimeoza ndani yake utamuua kwa hofu kabla ugonjwa haujamfikia. Ndivyo Mama alivyofichwa saratani yake, na kila mtu alituambia tulifanya jambo la huruma.

Daktari akanigeukia mimi. Akasema, wewe ni mtu wa ofisi, unasemaje?

Nilisema tumwache apumzike.

Na Baba alipouliza vile vidonge ni vya nini ikiwa ameshapona, Baba mdogo alikuwa ameenda kununua maji. Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Baba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitabasamu, nikamwekea mto vizuri, nikasema:

"Hizo ni dawa za nguvu tu, Baba."

Maneno ni yangu. Mama Ndahani alipoyasema leo nyuma ya tangi alikuwa ananirudishia mali yangu.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, waliotunga methali walinyamaza. Labda waliona aibu.

Nilimpigia simu Baba mdogo, maana jambo hili tulilifunga wawili na sikutaka kulifungua peke yangu. Nikamweleza kila kitu, kuku na goti na kipimo kilichopanda. Akasema pole, pole sana. Nikadhani ameguswa.

"Usimwambie," akasema. "Wewe zisage, umtilie kwenye uji."

Nilimwambia asante baba, nitakupigia. Kisha nikaiweka simu ndani ya sufuria na kuifunika, ili isinipate akipiga tena. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Nikachukua kigoda nikaenda kukaa mbele ya Baba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Nilikuwa nimeweka maji karibu, nimeweka na mashine yetu ya kupimia presha karibu. Nikaanza kwa kuzunguka, unajua Baba, ule ugonjwa, siku ile, madaktari walisema. Akaniambia nipite njia fupi. Nikasema. Mshipa ulivyotuna. Kwamba hawakuukata. Bomba la kitambaa, matundu mawili, ukuta uliooza uliobaki palepale nje ya bomba. Vidonge.

Alisikiliza akiwa na katambuga mapajani. Nilipomaliza akataka kuhakikisha jambo moja.

"Kwa hiyo bomba la zamani limeliwa na kutu, mkapitisha jipya ndani yake. Kutu bado ipo. Na dawa ndiyo inazuia isile la ndani."

Nikasema ndiyo.

"Ikila?"

Nikamwambia. Nilimwambia na lile la mwisho pia, kwamba hakuna operesheni ya pili.

Aliitikia kwa kichwa. Presha haikupanda, nilimpima, alinikubalia nimpime kama mtu anayemridhisha mtoto. Mimi mambo haya yalinichukua wiki nzima na michoro mitatu kuyaelewa. Yeye alichukua muda wa kuvuta uzi kwenye tundu la sindano.

"Nimepitisha mpira ndani ya bomba lililopasuka mara ngapi pale kijijini," alisema. "Mliona hili nitashindwa kulielewa?"

Nilimfungua mkanda wa presha mkononi.

Akauliza nani mwingine anajua. Nilitamani aulize chochote kingine. Nikataja: Baba mdogo. Shangazi. Padri. Ndugu wa kundi la simu. Wale wanne waliotoa damu. Shangazi alikuwa amewaambia kwaya ili waendelee kuomba.

"Kumbe kwaya inaujua mshipa wangu kuliko mimi."

Alisema bila hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira. Hasira ningeijibu, mimi na hasira tunajuana. Alionekana tu kama mtu aliyegundua kwamba katika nyumba yake kulikuwa na chumba ambacho wengine wote wanaingia.

Nilimwomba msamaha. Aliniambia nimletee kalamu.

Kalamu haikufika kwa sababu ya ule uzi, kwa hiyo aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye kalenda niliyokuwa nimeirudisha ukutani, akavaa miwani. Akaanza Julai tangu mwanzo. Kila asubuhi aliyotoa dawa ikaenda kwa jirani na kwa kuku, alizungushia duara kwenye tiki yake. Aliikumbuka kila moja. Jumapili aliziacha safi, na ya jana ya kliniki, maana hizo nilimpa mwenyewe, na kuna Jumatano moja aliiacha safi pia kwa sababu Mama Ndahani alikuwa amekwenda Zuzu kwenye msiba. Alipomaliza kulikuwa na maduara kumi na tisa. Hapo ndipo nilipoona faili la kweli la kwanza katika habari hii yote, na halikuandikwa na mtunza kumbukumbu.

Akachukua kopo, akatoa chekundu na cha kijani, akameza vyote viwili na maji niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya kuzimia kwake. Akaweka tiki. Akarudi kushona.

Mchana nilimpeleka Mama Ndahani zahanati. Nesi alisikiliza hadithi yote, akauma midomo asicheke, akasema rangi itaisha baada ya siku chache na asiguse tena dawa ya mtu. Akamwandikia ya goti. Mama Ndahani alishukuru sana kwamba hajarogwa, nadhani pia alisikitika kidogo, maana mke mwenza alikuwa amefutiwa kesi bila kujua. Tulipofika nusu ya njia akaanza kuchechemea. Alisema goti limesikia habari.

Kuku nimewamwagia maji yao na kuwawekea mengine. Mayai sitakula wala kumpa mtu kwa muda. Ofisini Jumanne nitawaambia ukweli kuhusu mwarobaini, au nitanyamaza, sijaamua. Naona tabia hii ya kunyamaza ina mizizi mirefu.

Jioni, nikiwa napepeta mchele, Baba alikuja mlangoni pa jiko. Amevaa koti lake la Chemba, lile lenye mifuko ya spana. Akasema Jumatatu kwenye kipimo ataingia yeye. Nikamwambia ndiyo Baba, huwa unaingia. Akasema hapana. Ataingia, na mlango utafungwa, na atazungumza na daktari yeye mwenyewe. Atapeleka kalenda.

"Wewe utakaa kwenye benchi."

Nikaanza kumweleza kwamba kuna mambo ya kitaalamu, kwamba daktari anaongea haraka, kwamba mimi ndiye ninayejua faili lote tangu Machi.

"Nikitoka," alisema, "nitaona cha kukuambia."

Akaondoka kwenda kufunga mlango wa banda.

Nimekaa hapa na hasira zangu na sina pa kuzipeleka. Ningeweza kusema mzee amekuwa mkaidi. Ningeweza kusema ananiadhibu. Mkuki kwa nguruwe, na sasa umeelekezwa kwangu, nauona mchungu.

Jumatatu majibu yanaweza kuwa mazuri. Anaweza kuwa amewahi, jioni zile na Jumapili zile zinaweza kuwa zimetosha kushikilia. Yanaweza pia kuwa mabaya, na yeye ndiye atakayeyasikia wa kwanza, mlango umefungwa. Halafu atatoka, atavaa kofia yake, na akiniambia anaendelea vizuri sitakuwa na njia ya kujua.

Benchi lile nalijua kwa kulipita tu. Liko koridoni, la mbao, ubao wa katikati umepasuka na wanaolikalia husema ukikaa vibaya unakufinya paja. Nimekumbuka sasa hivi kwamba Baba huwa anakaa ukingoni kabisa, nikadhani ni haya za kishamba. Amelikalia tangu Machi, na hakuna siku aliyolalamika.

Nitabeba khanga ya kukalia.